Karani apange safu zake, jedwali la data lisiguswe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo, lakini linakula saa za kazi na kuzaa makosa katika ofisi nyingi za Mombasa: mpangilio wa safu za taarifa, zile za wima zenye kichwa juu, kwenye skrini za kompyuta. Kampuni za kutoa mizigo bandarini, vyama vya akiba na mikopo, zahanati, shule na maduka ya jumla, zote siku hizi zinatunza kumbukumbu zake katika hifadhidata, yaani majedwali yanayotunzwa ndani ya kompyuta, na kila mara utasikia ofisi fulani imenunua programu mpya. Katika vikao vya kununua programu hizo huulizwa maswali mengi na ya maana, kuhusu bei, usalama, ripoti na malipo ya M-Pesa. Swali ambalo sijalisikia ni kama karani atakayekaa mbele ya programu hiyo kutwa ataweza kuitoa safu moja upande wa kulia na kuileta kushoto bila kumwita fundi. Ninaomba swali hilo liulizwe kabla mkataba haujatiwa saini, na ninashikilia kwamba jibu linalofaa ni moja: chombo cha kupanga safu kiwepo, kifanye kazi katika mwonekano wa mtumiaji, yaani orodha kama anavyoiona kwenye skrini, na kisiliguse jedwali lenye data.

Nitaeleza kwa mfano wa kazi ninayoifahamu. Katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, ambayo sina sababu ya kuitaja, programu ya kufuatilia makontena huonyesha orodha yenye safu zipatazo ishirini. Ya kwanza kabisa ni namba ya ndani ya rekodi, isiyo na maana kwa mtu yeyote isipokuwa kompyuta yenyewe. Zinafuata tarehe ambayo rekodi iliingizwa, jina la aliyeiingiza, namba ya mteja, sanduku la posta la mteja, na mengine ya aina hiyo. Namba ya kontena imekaa katikati, na tarehe ya mwisho ya siku za bure za kuhifadhi mzigo, ambayo ndiyo kila mtu anayoiulizia, iko mbali upande wa kulia, nje ya skrini. Dereva anapiga simu akiwa kwenye foleni ya malori Changamwe. Karani anaitafuta namba ya kontena, anaiona, kisha anaisogeza skrini kwenda kulia mpaka namba yenyewe inapotelea kushoto, na sasa anatazama tarehe bila kuona kontena. Nimewaona makarani wakiegemeza rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta ili jicho lisiteleze mstari. Wengine huiandika namba kwenye kipande cha karatasi, kisha wakahesabu mistari kutoka juu kwa kidole.

Namba ya kontena imetungwa kwa hadhari kubwa. Kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6346, ina alama 11: herufi 3 za mwenye kontena, herufi 1 ya aina ya kifaa, ambayo kwa makontena ya kawaida ni U, tarakimu 6 za mfuatano, na tarakimu 1 ya mwisho ya ukaguzi, inayopatikana kwa kukokotoa zile alama 10 zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja wakati wa kuandika, kwa kawaida hesabu hiyo haikubali, na programu iliyojengwa vizuri itakukatalia papo hapo. Lakini tarakimu ya ukaguzi haiwezi kulinda dhidi ya jicho lililoruka mstari. Karani aliyesoma tarehe ya kontena la juu akidhani ni ya kontena la chini ameisoma namba sahihi na tarehe sahihi; tatizo ni kwamba haviendi pamoja. Kosa la namna hiyo halinaswi na mashine, na mteja hulijua siku anapoletewa ankara ya tozo za kuhifadhi mzigo kwa siku ambazo aliambiwa bado ni za bure. Dawa yake ni safu mbili kukaa bega kwa bega.

Kwa nini safu zikapangika vibaya hivyo? Sababu ni kwamba programu nyingi huzionyesha kwa mfuatano ule ule ambao ziliundwa katika jedwali. Aliyejenga hifadhidata alianza na namba ya rekodi, kwa kuwa ndivyo wajenzi wanavyoanza. Ofisi ilipoomba baadaye iongezwe tarehe ya siku za bure, iliongezwa mwisho, kwa kuwa safu mpya kwa kawaida huenda mwisho. Karani anapoitazama skrini, basi, anaitazama historia ya ujenzi wa programu, wala si mfuatano wa kazi yake. Enzi za daftari za karatasi, karani wa Mji wa Kale alizipiga safu mwenyewe kwa rula na kalamu, akaamua kipi kianze na kipi kifuate. Tumenunua mashine ghali na katika hili tumerudi nyuma.

La ajabu ni kwamba hifadhidata za leo zilianza na fikra iliyo kinyume cha hayo. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha makala ambayo ndiyo chimbuko la hifadhidata za majedwali, na hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imepangwa vipi ndani ya mashine. Alitaka pia mtumiaji azitambue safu kwa majina badala ya nafasi zake. Hata hivyo SQL, lugha ya kuiuliza na kuiagiza hifadhidata, iliyobuniwa IBM katika miaka ya 1970 na kupewa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1986, ilizibakiza nafasi: ipo safu ya kwanza, ipo ya pili, ipo ya mwisho. Matokeo ya uamuzi huo ndiyo yanayomfikia karani wa Kilindini.

Ofisi ikilalamika vya kutosha, fundi hushawishika kulimaliza tatizo kwa kulipanga upya jedwali lenyewe. Hapo ndipo ninapowaomba wakubwa wa ofisi wawe waangalifu, kwa sababu kazi hiyo inaonekana nyepesi na si nyepesi. Zipo programu kadhaa za kuendeshea hifadhidata, na kila moja ina tabia yake. PostgreSQL haina amri ya kuihamisha safu ya jedwali kutoka nafasi moja hadi nyingine; anayetaka kufanya hivyo hulazimika kuunda jedwali jipya, au safu mpya, na kunakili data yote. MySQL inayo amri ya kuiweka safu baada ya nyingine, ila nyuma ya amri hiyo jedwali zima hujengwa upya, na likiwa kubwa kazi za ofisi zinaweza kusimama zikisubiri. Chombo cha usimamizi cha SQL Server, ya Microsoft, hukuruhusu kuiburuta safu katika ukurasa wa usanifu, lakini kinachofanyika chini kwa chini ni kuunda jedwali jipya, kuhamishia data humo, kulifuta la zamani na kulipa jipya jina lile lile. Ndiyo maana Microsoft yenyewe imeweka kizuizi kinachokataa kuhifadhi mabadiliko ya namna hiyo mpaka mtu akiondoe kwa makusudi. Katika Oracle, tangu toleo la 12c, wapo wanaoificha safu na kuifichua tena, kwa kuwa safu iliyofichuliwa hurudi ikiwa ya mwisho. Ni ujanja, na ujanja katika kumbukumbu za mali za watu haunifurahishi.

Hatari kubwa zaidi haiko katika jedwali lenyewe bali katika kila kitu kinacholitegemea. Zipo programu zinazoingiza rekodi mpya bila kutaja majina ya safu: hutuma thamani ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikiamini kwamba nafasi hazijabadilika. Chukua safu mbili za tarehe zinazofuatana, moja ya siku meli ilipotia nanga na nyingine ya mwisho wa siku za bure. Fundi akizibadilishana nafasi, programu ya zamani itaendelea kutuma tarehe zote mbili kama ilivyozoea, na hifadhidata itazipokea bila kunung'unika kwa sababu zote ni tarehe halali. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kuanzia saa hiyo, kila kontena jipya litaonekana limemaliza siku zake za bure siku meli ilipoingia, na meli itaonekana imeingia siku kadhaa baadaye. Mambo si tofauti kwa mionekano, yaani orodha zilizotayarishwa juu ya jedwali, iliyoundwa kwa amri ya nyota (*), inayosema tu "lete safu zote". Katika SQL Server, jedwali likibadilishwa na mwonekano wa aina hiyo usisasishwe, vichwa vya safu vinaweza kubaki pale pale huku data iliyo chini ya kichwa ikawa ya safu nyingine kabisa.

Karani asiyepewa chombo wala fundi hujitafutia njia, na njia hiyo ni Excel. Anaitoa orodha nzima kwenye lahajedwali, anafuta safu asizozihitaji, anazipanga zilizobaki, na kazi inakuwa rahisi kwelikweli. Simlaumu. Tatizo ni kwamba kuanzia dakika ile ofisi ina orodha mbili, na karani wa meza ya pili akifanya vivyo hivyo kesho yake inakuwa na tatu, kila moja na ukweli wa saa yake. Namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo. Tarehe 3 Aprili, ikiandikwa kwa tarakimu tupu, huweza kusomwa kuwa 4 Machi ikiwa kompyuta imewekwa kwa utaratibu wa Kimarekani. Mtu akichagua safu moja peke yake na kuipanga kwa alfabeti, majina yanahama na madeni yanabaki. Excel huonya, lakini nani husoma onyo mteja akiwa amesimama mbele yake? Kisha ipo VLOOKUP, fomula inayopendwa na wahasibu wetu, ambayo huelekezwa kuleta thamani kwa kutajiwa namba ya safu, tuseme ya tano. Safu mpya ikiingizwa katikati, namba ile haibadiliki: fomula inaendelea kuleta ya tano, ambayo sasa ni kitu kingine. Microsoft ilitangaza XLOOKUP mwaka 2019, ambayo huelekezwa kwenye safu yenyewe badala ya kuihesabu, ila kompyuta zenye matoleo ya zamani hazina.

Njia ninayoipigania ni ya tatu. Muuza duka wa Mwembe Tayari huipanga meza ya mbele kwa namna wateja wanavyouliza, na huibadilisha Ramadhani ikikaribia, ilhali magunia ya stoo hayaendi popote. Mwonekano wa hifadhidata ndio meza hiyo. Hauhifadhi data yake wenyewe. Ni swali lililohifadhiwa, linaloulizwa upya kila unapoufungua, na ndani ya swali hilo safu zaweza kutajwa kwa mfuatano wowote, nyingine zikaachwa, bila rekodi hata moja kuhama.

Chombo cha kupanga safu huenda hatua moja zaidi, kwa sababu hakihitaji hata kulibadilisha swali lenyewe. Kulibadilisha kuna masharti yake katika baadhi ya mifumo: PostgreSQL, kwa mfano, inakubali safu ziongezwe mwisho wa mwonekano uliopo lakini inakataa mfuatano wake ubadilishwe, mpaka mwonekano ufutwe na kuundwa upya, na kuufuta kunaweza kuiathiri mionekano mingine iliyojengwa juu yake. Chombo kilichoundwa vizuri huweka kijedwali kidogo kando, chenye taarifa chache: mtumiaji ni nani, mwonekano ni upi, safu ni ipi kwa jina lake, ikae nafasi ya ngapi, iwe na upana gani, ionekane au isionekane. Karani anapoibeba safu ya tarehe kutoka nafasi ya 18 na kuishusha nafasi ya 2, zile zilizokuwa kuanzia 2 hadi 17 zinasogea nafasi moja kila moja, na kinachoandikwa upya ni namba hizo tu katika kijedwali kile. Rekodi za makontena hazijaguswa, na karani wa meza ya jirani haoni tofauti yoyote kwenye skrini yake. Wala si teknolojia ngeni. Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, kwa miaka mingi imemruhusu mtumiaji kuziburuta safu katika mwonekano wa karatasi ya data huku usanifu wa jedwali ukibaki ulivyo.

Vyombo vya aina hii, hata hivyo, havifanani, na tofauti zake ziko katika mambo ambayo muuzaji hayataji. Tazama kwanza ni wapi mpangilio unahifadhiwa. Programu nyingine huuweka katika kivinjari cha kompyuta ile ile. Karani akihamia meza nyingine, au fundi akikisafisha kivinjari, mpangilio umekwenda na kazi inaanza upya. Uhifadhiwe kwenye seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, ufuatane na akaunti ya mtumiaji. (Hapo tutagongana na desturi yetu mbaya ya makarani watatu kutumia akaunti moja, neno la siri likiwa limebandikwa chini ya kibodi: asubuhi mmoja anapanga, mchana mwingine anapangua. Huo si udhaifu wa chombo.)

Halafu, mtu mmoja hana kazi moja. Asubuhi anajibu madereva, naye anahitaji kontena, meli na tarehe. Alasiri anaandaa ankara, naye anahitaji mteja, kiasi kinachodaiwa na kilicholipwa. Chombo kimruhusu kuhifadhi mipangilio kadhaa, kila mmoja kwa jina lake, abadilishe kwa kubofya mara moja, na ampe mwenzake nakala ikiwa mwenzake ameupenda. Safu moja au mbili za mwanzo ziweze kugandishwa, zisiondoke machoni skrini inaposogezwa kulia. Kwa skrini ndogo za ofisi zetu, kuigandisha namba ya kontena peke yake kungetosha kuzirudisha zile rula kwenye droo.

Itafika pia siku ambapo hifadhidata yenyewe itabadilika kwa sababu halali. Safu mpya ikiongezwa, chombo kibaya ama huivuruga mipangilio ya watu wote, ama huificha safu hiyo kimya kimya, karani akaendelea miezi na miezi bila kujua kwamba ipo. Kizuri huiweka mwisho na kuitia alama kuwa ni mpya. Safu ikiondolewa, mpangilio uiruke, usikatae kufunguka. Na kiwepo kitufe cha kurudisha mpangilio wa awali, kwa kuwa karani mwoga hatagusa kitu asichojua namna ya kukirudisha.

Kuna jambo moja lisichanganywe na hili. Kuificha safu isionekane si kuilinda. Mtu aliyeificha safu ya namba za vitambulisho katika mpangilio wake anaweza kuirudisha wakati wowote, na huenda data yenyewe imekwisha kufika kwenye kompyuta yake hata kama haioni. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zinazoshughulikiwa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kwa hiyo mlinzi wa lango asiyehitaji namba ya simu ya mteja asiletewe kabisa. Hilo ni suala la ruhusa, linawekwa na msimamizi ndani ya hifadhidata, na chombo cha kupanga safu kifanye kazi ndani ya mipaka ya ruhusa hizo. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba programu yake ni salama kwa sababu safu nyeti zimefichwa. Nilimwomba aifungue orodha ya safu, na zote zilikuwa hapo, zikingoja kutiwa tiki.

Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya ziada ya kukitaka chombo hiki. Wengi wetu tunaandikwa kwa jina letu, kisha la baba, kisha la babu. Programu zilizoundwa kwa desturi za Ulaya na Marekani hulichukua jina la tatu kuwa la ukoo, zikaliweka safu ya mwanzo na kuipanga orodha kwa hilo. Matokeo yake, katika orodha ya wanachama au ya wagonjwa, karani anawaona kina Mohamed na kina Omar ukurasa baada ya ukurasa, yote yakiwa majina ya mababu, ilhali mama aliyesimama dirishani amejitaja kwa jina lake mwenyewe. Si lazima programu ijengwe upya kwa ajili yetu. Safu ya jina la kwanza iletwe mbele, orodha ipangwe kwa safu hiyo, la baba lifuate, basi.

Najua mafundi watauliza: kila mtu akiwa na mpangilio wake, msimamizi atamwelekezaje karani kwa simu, ikiwa hawezi tena kusema "tazama safu ya nne"? Hakupaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Aitaje safu kwa jina lake, na ikiwa safu mbili zina majina yanayofanana, hilo ndilo la kurekebishwa. Hoja yao ya pili ina uzito zaidi, nayo ni ya mafaili yanayotoka nje ya ofisi. Faili linalopelekwa benki, au idara ya serikali, au kwenye programu nyingine, mara nyingi husomwa kwa nafasi: safu ya kwanza ni namba ya akaunti, ya pili ni kiasi, na kadhalika. Hapo mfuatano ni mapatano ya pande mbili, na karani hana mamlaka ya kuubadilisha kwa sababu anapenda kuona jina kwanza. Chombo kitenganishe mambo haya mawili bila utata. Anapobofya kitufe cha kutoa faili, programu itoe mfuatano rasmi daima, pamoja na vichwa vya safu, isipokuwa yeye mwenyewe aseme kwamba anataka nakala ya kusoma kama inavyoonekana kwenye skrini. Programu ambayo mtu akiburuta safu kwenye skrini hubadilisha kimya kimya faili la benki ni mbaya kuliko ile isiyokubali kuburutwa kabisa, na ofisi ifanye vyema kuikataa.

Wapo pia wasemao kwamba dawa ni mafunzo, karani aizoee programu ilivyo. Makarani wameizoea. Rula zile ndizo mazoea yenyewe.

Nikubaliwe neno moja kuhusu namna ya kuzisogeza safu, kwa kuwa waundaji wengi huishia kwenye kuburuta kwa kipanya na kudhani wamemaliza. Mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zifikiwe na kila mtu, WCAG toleo la 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unataka jambo linalofanywa kwa kuburuta liweze kufanywa pia bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta hakuepukiki. Vitufe viwili, cha kusogeza kushoto na cha kusogeza kulia, vinatosha, mradi vitumike hata kwa kibodi. Vitamfaa mwenye mkono unaotetemeka, na vitamfaa asiyeona anayesomewa skrini na kompyuta. Kwa huyo wa pili mfuatano wa safu una uzito kuliko kwetu tunaoona: akisomewa mstari mzima na anachokitafuta kikiwa cha 18, atasikiliza mambo 17 asiyoyahitaji kabla ya kukifikia, na atayasikiliza tena kwenye mstari unaofuata.

Ombi langu kwa wenye ofisi, basi, ni kwamba muuzaji akija kuionyesha programu yake, kiti cha mbele ya kompyuta apewe karani, wala si mkurugenzi. Aambiwe aihamishe safu anayoihitaji, agandishe nyingine, afunge programu, aifungue kwenye kompyuta ya pili na kuona kama amekuta alivyoacha. Kisha atoe faili na kuhakikisha mfuatano rasmi haujaguswa. Jaribio hilo halichukui muda mrefu, na muuzaji anayelikwepa amekwisha kujibu.

Kwa ofisi ambazo tayari zimefungwa na programu isiyo na chombo hicho, upo unafuu. Fundi aunde mionekano miwili mitatu kwa kazi kuu za ofisi, mmoja wa madereva, mmoja wa ankara, mmoja wa maswali ya wateja. Azitaje safu moja moja kwa majina badala ya kutumia amri ya nyota. Na kabla ya kuandika chochote akae na makarani awaulize wanatazama nini kwanza simu inapolia. Mwonekano mpya hauvunji ule wa zamani, kwa hiyo asiyeupenda aendelee na aliouzoea. Muuzaji akisema kazi hiyo inahitaji kununua toleo jipya, aombwe aeleze sababu kwa maandishi.

Ni mimi msomaji wako,
Tudor, Mombasa